Viwavi Saba Katika Kopo la Maziwa

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini za alasiri, siku ya Jumatano, mashine namba mbili ilipofungua ule ukurasa. Saa hiyo siikisii. Niliiandika, kwa sababu enzi zetu pale Kisangani dakika za mtandao ziliuzwa kama chumvi, kwa kipimo, na mtoto ambaye hakuandika saa yake ya kuketi alijikuta analipa robo saa ambayo hakuikalia.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka nyumba yenyewe. Chumba kimoja katika mtaa wa maduka wa Makiso, sahani kubwa ya chuma juu ya bati, jenereta likikohoa uani, na mashine tatu zilizofunikwa vitambaa vya kudariziwa kama viti vya sebuleni. Mwenye nyumba tulimwita Tonton Dédé. Kabla ya mtandao alikuwa mpiga picha za pasipoti, na pazia lake la buluu lilikuwa bado linaning'inia kwenye kona, pamoja na kigoda ambacho nusu ya watu wazima wa mji walikuwa wamekikalia bila kutabasamu. Ukisimama mlangoni ukisitasita, alikuambia, "Mutoto, keti ama ondoka. Satelite haingojake mutu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Papa alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye duka la sabuni, chumvi na maziwa ya unga katika commune ya Tshopo. Vita vilikuwa vimekata barabara na kufunga mto, kwa hiyo bidhaa zilikuja kwa ndege ndogo, na bei za Butembo zilikuja kwa barua ya mtandao. Papa alisema macho yake hayakuumbwa kusoma ndani ya televisheni, basi nilitumwa mimi, kila Jumatano. Robo saa ilikuwa nusu dola na haikugawanyika. Kunakili bei kulichukua dakika tano. Dakika kumi zilizobaki zilikuwa zangu, na sidhani kama nimewahi kumiliki kitu kikubwa zaidi.

Vita, ndiyo. Lakini watoto hawaishi ndani ya vita tu. Tulicheza nzango mpaka miguu ikawa nyekundu kwa vumbi, wasichana wa mtaa huu dhidi ya wa mtaa ule, tukiruka na kupiga makofi. Tulianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kusikiliza habari mara moja tena. Asubuhi tulikula lituma iliyobaki jana, ile ndizi ya kuponda, imekauka ganda kwa nje na bado laini ndani. Shuleni, mwalimu wetu wa biolojia, ambaye mshahara wake ulikuwa umepotea njiani tangu tukiwa darasa la chini, alichora amiba ubaoni mwanzo wa kila mwaka. Aliichora vizuri sana. Hakuwa na mchoro mwingine. Tulijua amiba kuliko tulivyojua shangazi zetu.

Jumatano ile msimu wa mbinzo ulikuwa umeanza. Mnajua harufu yake: viwavi vikikaangwa kwa mafuta ya mawese na pilipili mbele ya kila mlango, na akina mama wa sokoni wakiwa na mabeseni ya viwavi hai vinavyopandana kama watu wanaogombea ndege ya mwisho. Nilipomaliza kunakili bei nilikuwa na njaa, na mikono yangu iliandika kile tumbo lilichokuwa likifikiri. Niliandika "mbinzo".

Ulitokea ukurasa mmoja tu, wa Kifaransa. Mandhari yake yalikuwa ya kijivu, maandishi ya manjano, bila tangazo lolote. Mwenyewe alijieleza juu kabisa: mzee aliyestaafu kazi ya reli katika nchi ya baridi, asiye profesa wala daktari, anayependa nondo, wale vipepeo wa usiku. Chini kulikuwa na kihesabio: "Wewe ni mgeni wa 412." Katikati kulikuwa na picha ya nondo wa rangi ya kahawia na waridi, mwenye doa kama jicho katika kila bawa. Mzee aliandika kwamba nondo huyo alikusanywa zamani katika misitu ya kwetu, kwamba aliwahi kusikia kuwa viwavi vyake huliwa na watu wa Kisangani kwa jina la mbinzo, kisha akaandika mstari ambao naukumbuka neno kwa neno: "Kiwavi chenyewe sijawahi kukiona. Anayekijua, tafadhali aniandikie."

Nilikaa nikitazama lile jicho la bawani. Nilikuwa nimekula mbinzo kila mwaka tangu niote meno. Nilijua zile za mti wa sapelli kwa ladha hata ukinifunga macho. Lakini sikuwahi kujiuliza vinakuwa nini baadaye, kwa sababu katika mji wetu hakukuwa na baadaye. Baadaye ilikuwa sahani.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu Koko, bibi wa watu wa mtoni kutoka Yanonge, aliyeuza samaki, na katika msimu akauza mbinzo zilizoletwa kwa pirogi, yaani mtumbwi, kutoka upande wa Opala. Mjukuu wake Bolamba, rafiki yangu wa darasa moja, alikuwa akimsaidia kuchagua vilivyokufa.

"Koko, mbinzo inageukaka nini?"

Koko alinitazama kama niliyeuliza chumvi inageuka nini. "Mbinzo ni mbinzo, mutoto yangu. Inashuka na mvua, inaingia mu nyungu. Kisha nyungu, inageuka weye mwenyewe."

Bolamba alicheka mpaka akaangusha kikapu. "Angalia huyu! Mutoto ya Butembo, kule kwenu mulikulaka maharage tu. Leo unakuja kutufundisha mbinzo?"

"Inageuka kipepeo. Ya usiku. Ukubwa sawa mukono yangu."

"Umeona wapi?"

"Kwa mashine ya Tonton Dédé."

"Bon," akasema Bolamba, "mashine njo imeona. Weye haujaona."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Jumatano iliyofuata nilimwandikia mzee wa reli sentensi tano za Kifaransa nilizozipanga wiki nzima. Wiki moja baadaye jibu lilikuwa likinisubiri chini ya bei za sabuni. Alinishukuru kama mtu anayemshukuru mtu mzima. Alisema hana hakika kama viwavi vya sapelli ndivyo vya nondo wake, huenda ni vya mwingine kabisa, na njia ya kujua ni moja: niweke vichache katika kopo lenye udongo wenye unyevu, vitajifukia, nisubiri. Inaweza kuchukua miezi mingi. Nipime kwa rula, nichore, na kila jambo niandike na saa yake. "Lisiloandikwa saa," alisema, "ni simulizi tu." Mwisho akaongeza: "Tafadhali usivile."

Lazima mnielewe. Mwalimu alituuliza maswali kila siku, lakini majibu alikuwa nayo. Papa aliuliza nani amevunja kikombe huku akijua. Huyu alikuwa mtu mzima wa kwanza maishani mwangu kuniuliza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Nilimjibu kwamba nitamwonyesha. Niliandika: "Naahidi."

Nilinunua viwavi kumi na viwili kwa Koko, vya sapelli, vilivyokwisha kushuka mtini. Nilichukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko kwa msumari, nikalijaza udongo, na kuliweka rafuni jikoni kando ya kopo lililojaa maziwa, kwa sababu hapo ndipo panya hawakufika. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Jioni hiyo mboga ilikuwa haba, na Mama, katika kutafuta maziwa ya mdogo wangu, alifunua kopo langu. Nilipofika, vitano vilikuwa tayari kwenye kikaango.

"Mama! Hizo ni za kusoma!"

"Za kusoma?" Mama hakuacha kugeuza. "Miye sijaona mboga yenye kulala mu udongo. Leta chumvi."

Nilivikula pia, nakiri. Vilikuwa vitamu. Vikabaki saba. Usiku wa tatu vilikuwa vimejifukia vyote, na daftari langu likaanza safari yake ndefu ya mstari mmoja: "Saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna kitu." Niliuandika mstari huo kwa miezi. Bolamba alizoea kupitia dirishani akiuliza, "Alors, udongo imeamka?" Jumatano nyingine nilikuwa sasa nalipa robo saa ya pili, kutoka kwenye chenji ya Papa, ili kusoma kurasa nyingine za mzee: ukurasa wa mayai, ukurasa wa pembe za nondo dume, ukurasa wa makosa yake mwenyewe, ambapo aliorodhesha kila jina alilowahi kukosea na siku aliyolisahihisha. Kutoka kwake nilipita kwa jirani zake, maana alikuwa ameweka orodha ya kurasa za marafiki: mama mmoja mwenye kurasa za konokono wa bustani yake, padri mmoja aliyehesabu vyura. Kila mmoja alikuwa na chumba chake kidogo, na mlango uliokuelekeza kwa mwenzake. Kihesabio kilipanda polepole. Wiki moja kilitoka 436 hadi 439, na mmoja wa wale watatu ulimwenguni nilikuwa mimi.

Kisha zikaja siku ambazo mizinga ilisemezana juu ya nyumba zetu. Sitazieleza, mliokuwepo mnazijua. Asubuhi ya pili Papa aliamua tutoke mjini, tukae shambani kwa mteja wake, kilomita kumi na nane barabara ya Buta. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti yake ya dukani: "Kila mutu abebe kitu moja tu. Kitu ya maana!" Mama alibeba mtoto. Papa alibeba pesa na sabuni. Mimi nilikuwa nimetumwa jikoni kuchukua kopo la maziwa.

Makopo yalikuwa mawili, yanafanana, bega kwa bega. Mikono yangu ilikuwa miwili, lakini mmoja ulishika begi la nguo. Ningependa kusema kwamba nilikosea kwa hofu. Sikukosea. Uzito wa kila kopo niliujua.

Siku mbili za kwanza shambani mtoto alinyonya, na hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu, mbele ya familia kama sita zilizokuwa zimekimbilia hapo, Koko na Bolamba wakiwemo, Mama aliinjika maji motoni, akafungua kopo ili apike uji wa maziwa, akachota kijiko.

"Masika." Alisema jina langu polepole kabisa. "Hii ni nini?"

Papa alikuja, akachungulia, akaingiza kidole. Alikitazama kidole. "Udongo," akasema. "Vita iko, risasi iko, na mutoto yangu amekimbia na udongo ya Kisangani."

Nilikuwa nangoja kofi. Badala yake Koko, aliyekuwa ameketi akiparua samaki, alianza kutikisika mabega. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, mpaka machozi. "Ako na akili!" alipiga kelele. "Watu wanaiba nyumba, wanaiba mali. Huyu amebeba kiwanja!" Shamba zima likaangua kicheko, watu ambao hawakuwa wamecheka kwa siku tatu, na hata Papa akageuka upande ili asionekane. Koko alimpa Mama samaki wa kuchemsha supu, mdogo wangu akanywa akalala. Mama hakucheka. Alifunika kopo, akanirudishia, na nikajua kwamba sasa ni lazima kitu kitoke ndani yake. La sivyo nilikuwa nimemnyima mdogo wangu maziwa kwa ajili ya udongo kweli.

Tulirudi baada ya siku tisa. Duka lilikuwa limefagiliwa na waporaji, na kopo la maziwa rafuni halikuwepo. Sahani ya Tonton Dédé ilikuwa na tundu, na wiki saba zikapita kabla ya mafundi kuiziba. Sikuweza kumwandikia mzee. Niliendelea tu: "Saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna kitu." Siku moja sisimizi waliingia, kabla sijawaona walikuwa wamemaliza vinne. Bolamba aliacha kunitania, na hilo liliniumiza kuliko utani.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, baada ya mvua. Nilikuwa napepeta mchele uani na kopo liko wazi kando yangu. Udongo ulisogea. Kilichotoka kilikuwa kibaya: kiumbe chenye manyoya, kimelowa, na mabawa yamekunjamana kama noti iliyofuliwa. Kikapanda ukuta wa kopo kikaning'inia. Nilimwita Bolamba kwa sauti iliyofanya majirani wadhani kuna kifo, na wote wakaja. Tulisimama tukimzunguka. Mabawa yakaanza kushuka, yakijaa taratibu, kama nguo inayopigwa pasi na mtu asiyeonekana. Kahawia. Kisha waridi. Kisha, katika kila bawa, jicho.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini alikuwa mkubwa kama kiganja changu. Mama alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni. Nilisikia mkono wake ukishuka juu ya kichwa changu na kukaa hapo.

Koko alisogea mpaka karibu na pua. Umri wake wote alikuwa ameuza mbinzo. "Eee," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe uko na mama, mbinzo."

"Weye njo ulikula watoto yake, Koko," akasema Bolamba.

"Na weye! Nani jana aliomba sahani ya pili?"

Asubuhi nilimfunika nondo kwa kipande cha chandarua na kupanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Makiso. Tonton Dédé hakuwa na namna nyingine ya kupiga picha isipokuwa ile aliyoizoea. Aliweka kigoda mbele ya pazia la buluu, nondo juu ya kigoda, akarekebisha taa, akasema, "Tazama mbele. Usicheke," na akapiga. Ndiyo maana picha ya kwanza ya nondo yule kutoka mikononi mwetu ni picha ya pasi. Kuituma, pamoja na michoro yangu ya kiwavi, kulichukua robo saa tatu, na Tonton Dédé hakunipunguzia hata dakika. Nondo nilimwachia jioni juu ya ua wa Koko. Alikaa kidogo, kisha akaondoka kwa njia yake.

Jumatano iliyofuata ule mstari haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mchoro wangu, na maneno: "Kiwavi sasa kinajulikana. Nimeelezewa na mwanafunzi wa Kisangani, aliyekisubiri miezi kumi na mmoja na kuandika kila saa. Tazameni, alivitunza saba na kupata mmoja. Vingine vitano, anakiri, viliwekwa pilipili." Mimi nilikuwa mgeni wa 731. Nililipa Tonton achapishe ukurasa huo, karatasi mbili.

Karatasi hizo ndizo zilizobaki. Miaka kadhaa baadaye barua za mzee zilikoma, kisha ukurasa nao ukafunguka mweupe, kisha haukufunguka. Mama wa konokono hayupo. Padri wa vyura hayupo. Biolojia yote niliyonayo niliipata hivyo, kwa robo saa, bila chuo, katika vyumba vidogo vya watu ambao sikuwahi kuwaona, na leo nikitafuta njia ile sipati hata kizingiti.

Wapwa zangu wana mtandao mzima mfukoni, usiku na mchana, na hakuna anayewaambia waketi ama waondoke. Wamenionyesha nyangumi akizaa. Msimu uliopita niliwawekea sahani ya mbinzo, nikauliza zinageuka nini. Mkubwa wao hakuinua macho kwenye simu. "Tantine, subiri nitafute," akasema, huku akila. Alipata majibu maelfu kwa nukta moja, akachagua la kwanza. Lilikuwa la nondo mwingine. Nilimwambia. Akaniuliza nimejuaje, nikaenda kuleta daftari. Niliporudi alikuwa ameshahamia kwenye mpira. Si mtoto mbaya. Hajawahi tu kusubiri kitu.

Papa sasa ni mzee, na duka ameliacha. Mwezi uliopita nilimsomea daftari lote, mstari kwa mstari, pamoja na zile chenji ambazo sikuwahi kumkiria. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alikuwa na swali moja.

"Jumla ni ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Robo saa kumi na tisa za ziada, dola tisa na nusu. Viwavi, nusu dola. Picha, dola moja. Karatasi mbili, dola moja. "Dola kumi na mbili, Papa."

Alifumbua jicho moja. "Na maziwa?"

Kopo la maziwa lililobaki rafuni lilikuwa la dola nne. Nilichukua kalamu, nikaliongeza mbele yake, nikaandika na saa: saa kumi na dakika tano, dola kumi na sita.